Sobukwe hakuwa mbaguzi: alikataa watu kuhesabiwa kwa mafungu ya rangi

Mchanga wa Ziwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa Mandela kuna mdau alimtaja Robert Sobukwe kwa mstari mmoja tu, "yule mbaguzi mweusi wa PAC", na watu wakapita kama hawajaona kitu. Mimi imenikaa kooni. Huyu ni mmoja wa watu ambao siasa zao zimebebwa na midomo ya maadui zao mpaka hata sisi, tuliowapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi na ofisi, tunarudia maneno ya makaburu bila kujua.

Kwa wasiomjua: Robert Mangaliso Sobukwe, mwanzilishi wa PAC (Pan Africanist Congress), chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, alizaliwa Graaff-Reinet, Desemba 1924. Mama yake alikuwa mpishi na mfanyakazi wa ndani. Akasoma Healdtown kwa Wamethodisti, akaenda Fort Hare, na mwaka 1949 alikuwa ndiye kiongozi wa wanafunzi pale. Alifundisha sekondari Standerton, kisha 1954 akahamia Johannesburg kufundisha Kizulu chuo kikuu cha Witwatersrand. Mtaani walimwita "Prof". Kwa mtu mweusi wa enzi zile hiyo ilikuwa kazi ya kushikilia kwa meno.

Sasa tuje kwenye siasa. Miaka ya 50 ANC, chama cha Mandela ambacho Sobukwe naye alikuwamo, ilikuwa imeingia kwenye muungano na vyama vingine: chama cha Wahindi, chama cha machotara, chama cha Wazungu wa mrengo wa kushoto. Kila rangi na chama chake, halafu juu kukawa na kamati ya pamoja ambamo vyama hivyo vinakaa kwa viti sawa. Chama cha Wazungu kilikuwa na wanachama wachache sana, ANC ilikuwa na makumi ya maelfu, lakini kwenye meza ile sauti zao zilipimwa kwa ratili moja. Mwaka 1955 pale Kliptown wakapitisha Mkataba wa Uhuru unaosema Afrika Kusini ni mali ya wote wanaoishi humo, weusi kwa weupe.

Sobukwe na wenzake waliojiita Waafrikanisti wakagoma. Na hapa ndipo watu wanapobeba nusu ya habari. Hakugoma kwa sababu hataki Mzungu aishi Afrika Kusini. Alisema siasa ya "rangi nyingi" ni ubaguzi ule ule uliozidishwa tu, kwa sababu inaanza kwa kukubali kwamba binadamu wamegawanyika katika mafungu, kisha inatafuta namna ya kuyagawia mafungu hayo viti. Yeye alisema jamii ya binadamu ni moja tu, nayo ni ubinadamu. Mwafrika, kwa tafsiri yake, ni mtu yeyote ambaye utii wake pekee ni kwa Afrika na aliye tayari kukubali kutawaliwa kidemokrasia na Waafrika walio wengi. Rangi haimo kwenye sentensi hiyo. Maneno hayo aliyatamka Aprili 1959, Orlando, siku PAC inazaliwa, mbele ya umma na waandishi wa habari. Hakuyanong'ona uani.

Kwenye hotuba ile ile akasema kitu ambacho kiliwatisha Wazungu kuliko vyote: chama chake hakitatoa dhamana ya haki za makundi ya wachache, kwa sababu kinafikiria mtu mmoja mmoja, hakifikirii makundi. Waliosikia nusu ya kwanza wakakimbia kabla ya nusu ya pili.

Mtanzania wa leo anaweza kuona hili kama falsafa ya mbali. Lakini sisi tulikuwa na ugomvi huo huo, mwaka mmoja kabla yake. Kumbukeni kura tatu. Gavana Twining alitaka Tanganyika iwe nchi ya "rangi nyingi": kila jimbo lichague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, na mpiga kura asipoweka alama tatu kura yake imeharibika. Wakati huo Wazungu walikuwa kama 20,000, Wahindi na Waarabu karibu laki moja, Waafrika zaidi ya milioni 8. Mmoja kwa mmoja kwa mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ambayo Sobukwe aliiona ndani ya muungano wa ANC, akasema mbona mnajijengea wenyewe nyumba ya mkoloni?

TANU waliichukia kura tatu. Tabora, Januari 1958, Nyerere akawashawishi waingie kwenye uchaguzi ule wautumie kuubomoa mfumo kutoka ndani. Uamuzi wa Busara, kama ulivyokuja kuitwa. Mbinu zikatofautiana na za Sobukwe, lakini adui alikuwa mmoja.

Jambo jingine ambalo halisemwi ni kwamba kampeni ya kwanza ya PAC haikuwa ya kupinga pasi, vile vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Mwaka 1959 walitangaza kampeni ya heshima: dukani, ofisini, mwajiri, yeyote anayemwita mtu mzima mweusi "boi" au kumpachika jina lolote la Kizungu lililomjia mdomoni, aambiwe abadilike, na asipobadilika asusiwe. ANC waliicheka, wakaiona ya kitoto mbele ya sheria za pasi na ardhi. Sobukwe alikuwa na hoja: mtu aliyezoea kuinamisha kichwa dukani hatakiinua mbele ya polisi. Wazee wetu walioitwa boi na mabwana wa mashamba ya mkonge wangemwelewa bila kufafanuliwa.

Halafu ndipo ikaja Machi 21, 1960. Siku chache kabla, aliacha kazi chuoni. Akamwandikia mkuu wa polisi wa nchi nzima barua kumweleza kwamba watu wataziacha pasi nyumbani na kwenda vituoni kujikamatisha, kwamba itakuwa kwa amani, na akaomba maofisa wasitoe amri zisizotekelezeka, kama vile kuuambia umati utawanyike ndani ya dakika chache. Kauli mbiu: hakuna dhamana, hakuna wakili, hakuna faini. Viongozi mbele. Asubuhi yeye na wenzake wakatembea kwa miguu hadi kituo cha Orlando, Soweto, wakasema hatuna pasi, tukamateni. Wakaambiwa wasubiri. Wakakaa pale nje wakisubiri kukamatwa. Mchana huo huo, Sharpeville, polisi wakaufyatulia risasi umati: 69 wakafa, wengi wakiwa wamepigwa mgongoni.

Hukumu yake ilikuwa miaka 3 jela. Mahakamani alikataa hata kujibu shtaka, kwa hoja kwamba sheria zile zimetungwa na Wazungu peke yao.

Huyo ndiye mbaguzi wenu. Karibuni.

---

Kipanga Mweusi

Nondo hizi. Nakaa mkao wa kula.

---

Bwana Shauri

Mleta uzi umeandika vizuri ila umemlinganisha na mtu asiye wake. Sobukwe si Nyerere. Sobukwe ni Zuberi Mtemvu. Wote wawili walijitoa kwenye chama kikubwa, Mtemvu TANU na Sobukwe ANC, mwaka ule ule wa 1958 kwa madai kwamba viongozi wamelegea kwa Wazungu na Wahindi. Mtemvu akaanzisha ANC yake ya Tanganyika, Sobukwe PAC. Na wote wananchi waliwapima: 1962 Mtemvu aligombea urais na Nyerere, akaambulia kura kama 21,000 tu nchi nzima. PAC nao uchaguzi wa 1994 walipata asilimia 1.25 na viti 5. Wananchi si wajinga.

---

Mchanga wa Ziwa

@Bwana Shauri hoja yako ina nyama, na ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Kwa tendo la kujitoa, ndiyo, wanafanana. Kwa fikra, hapana. Mtemvu alisema Afrika ni ya Waafrika na alimaanisha weusi. Sobukwe aliweka sharti la utii, na mlango ukabaki wazi: mwaka 1963 Patrick Duncan, Mzungu, mtoto wa aliyekuwa Gavana Mkuu wa Afrika Kusini, akaingia PAC. Wakati huo Sobukwe yuko kifungoni, lakini mlango aliouacha haukuwa na kufuli.

Mtasema mbona mwanzoni PAC haikuchukua Wazungu? Sawa, na TANU je? TANU ilifungua uanachama kwa rangi zote mwaka 1963, Uhuru umeshapita. Kabla ya hapo iliwaunga mkono akina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa kwenye kura tatu, lakini kadi ya chama hawakuwa nayo. Hakuna anayemwita Nyerere mbaguzi kwa hilo. Mantiki ilikuwa moja: anayenyanyaswa ajipange kwanza, asimame mwenyewe, asiongozwe na mtu ambaye jioni anarudi kulala upande wa pili wa mji.

Halafu kuhusu ANC ya Mandela, kuna kitu Watanzania tunapaswa kukijua kwa sababu kilifanyika nyumbani kwetu. ANC haikuruhusu wasio Waafrika kuwa wanachama wake mpaka mkutano wa Morogoro, 1969. Na hata hapo Morogoro hawakuruhusiwa kuingia halmashauri kuu. Hilo lilisubiri mkutano wa Kabwe, Zambia, 1985. Kwa hiyo chama kinachosifiwa kwa kutojali rangi kilijipanga kwa rangi miaka yote hiyo, na Sobukwe alikuwa amewaambia tangu 1959 kwamba mpango huo una kasoro.

Asilimia 1.25 siipingi. Ila mwaka 1994 mwenyewe alikuwa kaburini miaka 16.

---

Nyambura_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi ningependa kusikia juu ya Wahindi. Kwa sababu hapa kwetu, mtu akianza kuongea habari za "utii kwa Afrika" huwa anamaanisha mwenye duka la pale kona. Mwaka 1968 maelfu ya Wahindi wa Kenya walikimbilia Uingereza. Mwaka 1972 Amin akawapa wale wa Uganda siku 90. Wote walisema ni suala la utii.

---

Mchanga wa Ziwa

@Nyambura_Nakuru dada umegonga palepale. Hotuba ya 1959 inawazungumzia Wahindi wazi. Aliwagawa kwa tabaka. Matajiri wafanyabiashara aliwashutumu kwa majivuno ya kitaifa na kujiona wa juu kwa utamaduni wao. Lakini maskini wa mashamba ya miwa ya Natal aliwaona ni watu wanaokandamizwa kama Mwafrika, na akatarajia kwamba wakijitoa chini ya uongozi wa matajiri wao watasimama na wenzao weusi kama Waafrika.

Kwa hiyo hakuwahukumu kwa damu. Ila nakubali lugha aliyoitumia kwa wafanyabiashara ni kali, na mtu wa aina ya Amin angeweza kuichomoa nusu na kuiacha nusu. Ukisema "Mhindi tajiri ana majivuno", msikilizaji mwenye njaa anasikia neno la kwanza tu.

---

Risasi Baridi

Maneno matamu tu. Na Poqo, lile tawi la PAC lililoshika silaha, je? Novemba 1962 pale Paarl watu wa Poqo waliingia mjini usiku wakaua Wazungu. Februari 1963 Transkei, daraja la Mbashe, wakaua familia ya Kizungu iliyokuwa imelala kambini. Poqo ni PAC hiyo hiyo. Na miaka ya 90 jeshi la PAC na ile kauli mbiu ya mlowezi mmoja risasi moja. Jamii ya binadamu ni moja, eeh?

---

Mchanga wa Ziwa

@Risasi Baridi siwezi kukukatalia matukio, yalitokea. Nakukatalia mnyororo unaoufunga.

PAC ilizaliwa Aprili 6, 1959 na ikapigwa marufuku Aprili 8, 1960. Mwaka mmoja na siku mbili. Huo ndio muda wote aliopata Sobukwe kuwafundisha wanachama tofauti kati ya kuuchukia mfumo na kumchukia mtu. Baada ya hapo viongozi wote wako ndani au wamekimbia, na vijana waliobaki vijijini na kwenye mabweni ya wafanyakazi wakashika walichoweza kushika: hasira na jina la chama. Tangu akiwa Fort Hare, 1949, alisema yeye hampingi mtu, yeye ni wa Afrika, na Afrika haitenganishwi na ubinadamu.

Lawama yangu kwake ni nyingine kabisa. Alijenga fikra inayohitaji maelezo marefu, akaipa chama chenye haraka. Kauli mbiu ya "Nchi yetu!" inapigiwa kelele na mtu yeyote. Ile sentensi ya pili, ya nani anahesabika kuwa mwenye nchi, haitoshei kwenye bango. Kiongozi wa umma anapaswa kulijua hilo mapema.

---

Mdau wa Kigamboni

Mimi sina elimu ya hayo yote, nauliza tu: mtu amefungwa miaka 3 tangu 1960, kwa nini nasikia alikuwa Robben Island mpaka 1969? Hesabu haikubali.

---

Mama Kiwira

@Mdau wa Kigamboni ngoja nikujibu mimi, niliwahi kufika kule kisiwani.

Kifungo chake kiliisha Mei 1963. Siku chache kabla hakijaisha, bunge la makaburu likatunga sheria yenye kifungu kinachomruhusu waziri wa sheria, John Vorster, kumshikilia mtu hata baada ya kumaliza kifungo, na kuongeza mwaka hadi mwaka. Watu wakakiita "kifungu cha Sobukwe" kwa sababu kilitumika kwake peke yake. Hakuna mwingine aliyewahi kushikwa kwa kifungu hicho. Bunge zima likakaa kutunga sheria kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Kizulu.

Akapelekwa Robben Island, lakini si kwenye seli na wenzake. Akawekwa kwenye kijumba peke yake, kimezungushiwa uzio, na walinzi. Basi la wageni linapita hapo, unakiona. Alikuwa na nguo zake za kiraia, vitabu, na akasomea shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha London kwa posta. Ukisikia hivyo unaweza kudhani alideka. Lakini hakuruhusiwa kuongea na mfungwa yeyote. Wafungwa wakipita kwenda kwenye kazi ya machimbo, yeye anasimama, anachota udongo mkononi, anauachia umiminike kati ya vidole. Ndiyo salamu. Nao wanaelewa kwamba habari ni ardhi. Miaka 6 hivyo. Mwishoni alikuwa analalamika kwamba anasahau kuongea.

Wanawe walikuwa wanaruhusiwa kumtembelea. Mkewe Veronica, nesi, alihangaika na serikali ile miaka yote, na jina lake hamlitaji humu hata mara moja.

---

Mchanga wa Ziwa

@Mama Kiwira shikamoo mama. Asante, na la Veronica umenena haki.

Niongezee mwisho wake. Mei 1969 wakamtoa, wakamtupa Kimberley, mji asio na ndugu, haruhusiwi kutoka nyumbani usiku, haruhusiwi kunukuliwa popote. Vyuo vya Marekani vikampa kazi, serikali ikakataa kumwachia aondoke. Akasomea uwakili hapo hapo, akafungua ofisi 1975. Saratani ya mapafu ikamuua Februari 27, 1978. Mmoja wa marafiki zake wa karibu miaka yote hiyo, aliyemwandikia barua na kumtafutia mahitaji, alikuwa mwandishi wa habari Mzungu, Benjamin Pogrund, ambaye baadaye ndiye aliyeandika wasifu wake. "Mbaguzi" gani huyo.

---

Mzee wa Upanga

Vijana, mimi nimewaona PAC hapa Dar kwa macho. Walikuwa na ofisi, na kambi Bagamoyo, chini ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Sobukwe angewaona angelia. Potlako Leballo, aliyeiongoza PAC uhamishoni, na wenzake waligombana wao kwa wao kuliko walivyogombana na kaburu. Juni 1979 David Sibeko, mmoja wa viongozi wa PAC, aliuawa hapahapa Dar es Salaam, na waliohusika ni watu wa chama chake. Sobukwe ana mwaka mmoja tu kaburini. Hilo la fikra kuhitaji maelezo marefu ni kweli, lakini ugomvi wa Dar haukuwa wa fikra. Ulikuwa wa vyeo na fedha za misaada.

---

Kipanga Mweusi

Mzee wa Upanga fungua uzi wako kuhusu hiyo miaka, tafadhali. Tutakuletea kahawa na kashata.

---

Binti wa Mkunazini

Mimi natoka Unguja, na nitauliza swali moja ambalo uzi mzima mmelizunguka.

"Mtu ambaye utii wake pekee ni kwa Afrika." Nani anaupima huo utii? Maana kwetu 1964 kulikuwa na watu ambao babu wa babu zao wamezaliwa na kuzikwa kisiwani, hawajui nchi nyingine, wanaota kwa Kiswahili, na hawakuulizwa kuhusu utii wao. Waliangaliwa nywele na pua. Sobukwe anasema hatatoa dhamana kwa makundi ya wachache kwa sababu anafikiria mtu mmoja mmoja. Vizuri. Lakini wanaokuja usiku kugonga mlango hawaji kumtafuta mtu mmoja mmoja. Wanakuja kutafuta kundi. Sasa mtu huyo mmoja mmoja anajikinga na nini?

---

Mchanga wa Ziwa

@Binti wa Mkunazini hili ndilo swali gumu kuliko yote ya hapo juu.

Jibu la Sobukwe lingekuwa: na mahakama, na haki za mtu binafsi zilizoandikwa, zinazomlinda kila mmoja bila kuuliza asili yake. Ukiandika haki za kundi, umeshaandika orodha ambayo mgonga mlango ataitumia. Naliona jibu hilo kuwa sahihi kwenye karatasi.

Kwenye maisha nakuonyesha Dar, Oktoba 1961. Muswada wa uraia uko bungeni, na wabunge wa upande wa Nyerere mwenyewe wanataka uraia uwe wa weusi tu. Nyerere alisimama akawafananisha na wafuasi wa Hitler, akasema serikali yake itajiuzulu kama hilo litapita. Halikupita. Lakini angalia lilichozuiwa nacho: mtu mmoja mwenye nguvu, aliyekuwa tayari kupoteza kiti. Sheria yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inajadiliwa. Unguja 1964 hakusimama mtu wa namna hiyo kwa wakati.

Sobukwe hakuwahi kupata siku yake ya kusimama bungeni mbele ya watu wake mwenyewe. Mbele ya kaburu tunajua alifanya nini. Mbele ya umati wake ukiwa na hasira na ushindi mkononi, mimi naamini angesimama kama Nyerere, kwa jinsi alivyoandika ile barua kwa polisi. Lakini hiyo ni imani yangu, na wewe una haki ya kutoikubali.

---

Bwana Shauri

Hapo kwenye Oktoba 1961 nimekubali. Kwa Mtemvu bado tuna kesi.